Usinitumie tena picha ya maji ya kijani

Wiki hii imefika ya nne. Picha ya simu iliyopigwa kutoka ukingoni, maji kijani utafikiri yamemwagiwa rangi, na chini yake swali lile lile: "Mtaalamu, hapa mbolea imezidi kiasi gani?" Ya tatu ilikuwa kinyume chake. Maji maangavu, mawe ya chini unayahesabu, na mwenye picha hakuwa hata na swali. Alikuwa ananipa taarifa tu kwamba ziwa lao limepona. Hao watatu niliwajibu kwa adabu. Huyu wa nne amenikuta nimechoka, kwa hiyo namjibu hapa, na atakayefuata nitamtumia kiungo.

Imani yenyewe inajulikana: kijani ni mbolea, mbolea ni uchafu, maji yakiangaza yamepona. Ingekuwa uongo mtupu ingekufa zamani. Ubaya wake ni kwamba ina ukweli wa kutosha kumfanya mtu aridhike asiulize swali la pili, na habari za fitoplanktoni, yaani viumbe vidogo mno vinavyoelea majini na kujitengenezea chakula kwa mwanga, zinaanzia kwenye swali la pili.

Ule ukweli niumalize upesi. Mwaka 1973 David Schindler na wenzake walichukua ziwa dogo huko Ontario, Canada, linaloitwa Lake 226, wakaligawa katikati kwa pazia. Upande mmoja wakatia kaboni na nitrojeni. Upande wa pili wakatia hizo hizo na fosforasi juu yake. Upande wenye fosforasi ukageuka kijani, mwenzake haukugeuka, na picha yake iliyopigwa kutoka angani imezunguka kwenye madarasa ya ikolojia ya maji mpaka imechakaa. Fosforasi inazalisha mwani ziwani. Sibishi.

Ila jaribio lile linazungumzia ziwa, kwa msimu mzima, fosforasi iliyoingizwa ikiwa imepimwa. Halizungumzii ukingo mmoja saa moja asubuhi.

Na hiyo saa ina maana kuliko unavyodhani. Ule utando wa kijani wa kwenye picha zenu mara nyingi ni Microcystis, sianobakteria (bakteria inayotumia mwanga kama mmea) inayoishi kwa makoloni, na kila seli yake ina vifuko vya gesi vinavyoifanya ielee. Mchana kutwa inatengeneza sukari, sukari ni nzito, koloni linazama. Usiku sukari inatumika, koloni linakuwa jepesi, linapanda. Ikifika alfajiri na hakuna upepo, kilichokuwa kimetawanyika kwenye mita kadhaa za maji kimejikusanya juu, unene wa kucha. Kisha kinakuja kiupepo kidogo, kinausukuma utando wote upande mmoja wa ziwa, na upande huo ndiko ulikosimama na simu yako. Ungevuka ng'ambo ungepiga picha ya maji safi, ukanitangazia kupona. Ungerudi saa tisa mchana baada ya upepo kukoroga, usingeona kitu. Mbolea haikubadilika. Aliyebadilika ni upepo, na wewe ulipiga picha ya upepo.

Haya, pengine wewe si mtu wa picha. Wewe ni mtu wa vipimo: umechuja maji, umelowesha chujio kwenye asetoni, umesoma namba ya klorofili mpaka desimali mbili. Kwako nina maneno mengi zaidi, maana mtu wa picha walau anajua kwamba anakisia.

Klorofili si wingi wa fitoplanktoni. Ni mtambo wa kunasa mwanga, na seli inaujenga kulingana na haja yake ya siku hiyo. Ipeleke gizani, itajijaza klorofili ili isipoteze hata chembe ya mwanga inayoifikia. Ipandishe kwenye jua kali, itaipunguza, kwa sababu mwanga ukizidi unaunguza. Inyime nitrojeni, itapauka, kwa kuwa klorofili yenyewe ina nitrojeni ndani yake na protini zinazoishikilia zina nitrojeni nyingi zaidi. Chukua uzito wa kaboni ya seli, ugawe kwa uzito wa klorofili yake. Seli iliyoshiba virutubishi ikakaa kwenye mwanga hafifu itakupa kama 20. Seli yenye njaa juani itakupa zaidi ya 200. Mara kumi! Yaani chupa mbili zinaweza kukusomea klorofili ile ile, na moja ikawa na viumbe mara kumi ya mwenzake. Halafu mtu anakuja na grafu ya klorofili iliyopanda asilimia 30 kati ya msimu wa mwanga na msimu wa mawingu, ananiambia mwani umeongezeka. Umeongezeka? Au umeingia gizani ukajipaka rangi?

Mfano mkubwa kuliko yote uko baharini. Katikati ya bahari za nusutropiki, mbali na nchi kavu, klorofili nyingi haiko juu ya maji. Iko kwenye kina cha mita 100 hivi, pengine zaidi. Vitabu vinachora mstari wenye kitumbo kule chini, na mwanafunzi anatoka darasani akijua kwamba mwani umejaa huko. Mahali pengi sehemu kubwa ya kitumbo hicho ni seli zisizo nyingi kuliko za juu, zilizoongeza rangi kwa ajili ya giza. Setilaiti haifiki huko. Inaona ngozi ya juu tu na kutuchorea ramani ya buluu na kijani, sisi tunaiita ramani ya uhai wa bahari.

Naomba nisijifanye mtakatifu: natumia klorofili kila wiki. Ni rahisi, ni ya haraka, na ina kumbukumbu za miaka mingi ambazo kipimo kingine hakina. Ninachokataa ni kusahau kwamba tunapima rangi.

Kusahau huko kumewahi kuzua ugomvi mkubwa. Mwaka 1865 padri mmoja mwanaastronomia, Angelo Secchi, alishusha sahani nyeupe kwenye bahari ya Mediterania akapima kina ambacho jicho halioni tena sahani. Kifaa kile tunakitumia hadi leo karibu bila kukibadilisha. Mwaka 2010 jarida la Nature likachapisha uchambuzi uliounganisha vipimo vya sahani vya zaidi ya karne moja na vipimo vya klorofili, ukasema fitoplanktoni ya bahari za dunia inapungua kwa karibu asilimia 1 kila mwaka. Magazeti yakapiga mbiu. Mwaka uliofuata wakaja wapingaji wakasema mshono kati ya aina mbili za vipimo unatosha peke yake kuzaa mteremko ule. Waandishi wakajibu, wapingaji hawakuridhika. Nimezisoma hoja za pande zote mbili mara kadhaa, na kila ninapomaliza namwamini wa mwisho kusomwa. Nikiulizwa na wanafunzi nasema hivyo hivyo.

Kuna na hili la fosfeti, fupi. Mtu anapima fosfeti, yaani fosforasi iliyoyeyuka majini, katikati ya mlipuko wa mwani, anakuta karibu sifuri, anaandika kwenye ripoti kwamba fosforasi haihusiki. Ni kama kuingia sebuleni ukakuta sahani tupu, ukaapa kwamba nyumba hii watu hawali. Fosfeti haionekani kwa sababu imo ndani ya seli. Tena fitoplanktoni ina tabia ya kuweka akiba: ikiipata inameza zaidi ya mahitaji, kiasi cha kuweza kugawanyika mara tatu au nne baadaye bila kupata nyingine. Pima fosforasi yote, iliyoyeyuka na iliyomo kwenye chembe. Basi.

Sasa maji maangavu.

Fitoplanktoni inafanya karibu nusu ya uzalishaji wa kaboni hai wa dunia nzima kila mwaka. Uzito wake kwa wakati wowote haufiki asilimia 1 ya uzito wa mimea yote. Hesabu hiyo inakubali kwa njia moja tu: inazaliwa na kufa kwa mwendo wa siku. Msitu unauona kwa sababu miti inakaa. Ndani ya maji unachokiona ni salio, kilichobaki baada ya waliokula kula, waliozama kuzama, na waliougua kufa. Salio dogo linaweza kutokana na mapato madogo. Linaweza pia kutokana na mapato makubwa na matumizi makubwa zaidi. Kwa macho huwezi kutofautisha.

Katika maziwa ya nchi zenye baridi jambo hili hutokea karibu kila mwaka, na kundi la wanaikolojia wa planktoni walilieleza kwa mpangilio mwaka 1986. Majira ya kuchipua dayatomu (mwani wa seli moja wenye ganda gumu) na vijiseli vidogo vinafumuka, maji yanakuwa kahawia au kijani. Wiki chache baadaye zooplanktoni, wanyama wadogo wanaoelea majini, hasa Daphnia, wamezaliana wakawala karibu wote, na ziwa linaangaza ghafla. Virutubishi havijaondoka. Vingi vinazunguka ndani ya maji vikitolewa na hao hao waliokula. Baadaye Daphnia wanakosa chakula, samaki wachanga wanawamaliza, na mwani unarudi, safari hii aina ngumu kuliwa.

Ziwa Washington, lile la kando ya Seattle, lilitoa somo hili kwa kipimo kikubwa. Majitaka yalielekezwa kwingine hatua kwa hatua kati ya 1963 na 1968, fosforasi ikashuka, sianobakteria wakapungua, maji yakasafika. Hadi hapo ni hadithi ya vitabuni na ni ya kweli. Halafu mwaka 1976 maji yakaangaza tena, kupita matarajio, bila fosforasi kupungua upya. Daphnia walikuwa wameingia kwa wingi. Mwenye picha angeniandikia kwamba mbolea imepungua tena.

Na sijawagusa wagonjwa. Kuna kuvu wadogo wenye kijimkia, kitridi, wanaoingia kwenye dayatomu kama Asterionella na kuangusha mlipuko mzima. Kuna virusi. Ukichukua sampuli mara moja kwa mwezi hutajua kwamba kulikuwa na tauni. Utaona tu kwamba mwezi uliopita walikuwepo na mwezi huu hawapo, utaandika "upungufu wa virutubishi" kwa sababu ndilo jibu lililo karibu.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo penyewe. Hali ikibadilika, jumuiya ya fitoplanktoni haipandi na kushuka kama kima cha maji kwenye tangi. Inabadilisha watu. Mnaniuliza wangapi, na mimi nataka kujua akina nani.

Tazama Nieuwe Meer, ziwa lililoko Amsterdam. Lilikuwa na virutubishi tele na Microcystis kila kiangazi. Mwaka 1993 wakaanza kulikoroga kwa mapovu ya hewa kutoka chini. Virutubishi vilibaki vingi vile vile. Microcystis ikaporomoka, mahali pake pakachukuliwa na dayatomu, mwani wa kijani na vijiseli vyenye mikia. Sababu ni nyepesi ukishaielewa. Kuelea ni mtaji pale tu maji yanapotulia: unapanda, unakaa kwenye mwanga, unawawekea kivuli walio chini yako. Maji yakikorogwa kwa kasi kuliko uwezo wako wa kupanda, vifuko vyako vya gesi havina kazi. Dayatomu ni kinyume chako. Ana ganda la silika, madini ya kioo, ni mzito, maji yakitulia anazama gizani, yakikorogwa anabebwa. Usione vyaelea, vimeundwa, na vimeundwa kwa ajili ya utulivu. Mwanaikolojia Ramon Margalef aliyachora haya mwaka 1978 kwa mihimili miwili tu, virutubishi na msukosuko wa maji, na mpaka leo mchoro ule unanisaidia kuliko modeli nyingi zenye vigezo themanini.

Kisha Ziwa Victoria. Mzigo wa fosforasi uliongezeka katika karne ya 20, na wengi wanaishia hapo: fosforasi imeongezeka, kijani kimeongezeka. Lakini kilichotokea katikati ni cha silika. Fosforasi ilipoongezeka dayatomu walizaliana, wakajenga maganda, wakafa, wakazama na silika yao. Silika haikuongezeka kwa kasi ile iliyoongezeka fosforasi. Ikapungua majini. Aulacoseira, dayatomu mwenye ganda nene aliyekuwa mwenyeji wa siku nyingi, akapoteza nafasi. Akashika Nitzschia mwenye ganda jembamba, na sianobakteria ambao hawahitaji silika kabisa. Wengine kati yao wananasa nitrojeni ya hewani, kwa hiyo nitrojeni ikipungua ndiyo kwanza wanafurahi. Ukisema "kijani kimeongezeka" umesema kweli na umeruka hadithi yote, pamoja na sehemu inayomhusu samaki na oksijeni ya chini.

Jirani yake, Ziwa Tanganyika, lilikwenda upande mwingine. Joto limepanda, maji ya juu yamekuwa mepesi zaidi, na tabaka la juu halichanganyiki na la chini kama zamani. Virutubishi vya Tanganyika vimefungiwa chini, na bila mchanganyiko havipandi. Utafiti wa mwaka 2003, uliosoma isotopu za kaboni kwenye tope la sakafu ya ziwa, ulikadiria kwamba uzalishaji umeshuka kwa karibu asilimia 20. Joto lile lile ambalo katika ziwa lenye mbolea nyingi linawapa nafasi sianobakteria, hapa linalisha maji njaa. Kwa hiyo na wewe uliyeniandikia kwamba "joto likipanda maziwa yote yatageuka kijani", pole.

Kwa wapenda maji maangavu nina Ziwa Zürich. Uswisi ilipunguza fosforasi kwa bidii ya kusifiwa, na ziwa likasafika. Huko anaishi Planktothrix rubescens, sianobakteria ambaye si wa kijani hata kidogo, ni mwekundu, na anapenda mwanga hafifu. Kiangazi hujipanga kwenye mita kumi na kitu chini, akielea mahali pake kama aliyetundikwa. Juu maji yanapendeza. Chini kuna tabaka lenye mikrosistini, sumu ya ini. Miaka ya karibuni majira ya baridi yamekuwa mepesi, mchanganyiko wa kuwapeleka chini kabisa, kwenye kanieneo la kupasua vifuko vyao vya gesi, umekuwa dhaifu, na amestawi katika ziwa ambalo fosforasi imepungua. Wakati mwingine anapanda juu maji yakawa mekundu. Kwenye ziwa jingine la Uswisi, Murten, watu waliita rangi hiyo damu ya Waburgundi, kwa kukumbuka vita vya mwaka 1476. Nitumieni picha ya hilo basi, walau nibadilishe rangi.

Sisemi kijani hakina hatari. Agosti 2014 watu karibu nusu milioni wa Toledo, Marekani, waliambiwa wasinywe maji ya bomba kwa sababu ya Microcystis ya Ziwa Erie, na waliambiwa pia wasiyachemshe, kwa kuwa kuchemsha hakuiharibu mikrosistini. Maji yanapungua, sumu inabaki. Lakini hata hapo jina halitoshi. Ndani ya Microcystis kuna koo zenye jeni za kutengeneza sumu na koo zisizo nazo, na kwenye hadubini zinafanana kama pacha. Mlipuko mnene unaweza kuwa na sumu kidogo, mwembamba ukawa na nyingi. Mizani kati ya koo hizo inaamuliwa na nini? Nimewahi kusikia majibu matano kwenye kikao kimoja, kila moja likiwa na data yake.

Na kwa kuwa nimewasema wenzangu, nijiseme na mimi. Miaka yangu ya mwanzo nililetewa chupa ya maji ya ziwa yaliyotiwa dawa ya Lugol, ile iodini inayoua seli na kuzipa uzito na rangi ya kahawia. Utaratibu ni kumimina maji kwenye silinda ya kutuamisha, kuiacha usiku kucha seli zitulie chini, kisha kuzihesabu kutokea chini kwa hadubini iliyopinduliwa. Nikafanya. Nikahesabu kwa saa mbili: dayatomu wachache, vijiseli, hakuna kingine. Microcystis nikaandika sifuri. Nilipoinua silinda kuiosha, nikaona pete ya kahawia imeshikamana na kioo huko juu, kwenye ukingo wa maji. Microcystis wote walikuwa wameelea. Vifuko vya gesi havijui kwamba mwenye navyo amekufa. Dawa yake ni kuvipasua kwanza kwa kanieneo; mimi huvuta maji kwenye bomba la sindano, naziba mdomo kwa kidole, nakandamiza kwa nguvu, na unaona kwa macho yako maji yenye ukungu yakiangaza na makoloni yakianza kuzama. Sampuli ngapi nilizihesabu kabla ya siku ile bila kuangalia juu? Sijapenda kupiga hesabu hiyo. Tangu siku ile nikiona kwenye ripoti ya mtu "sianobakteria: 0" kwa ziwa tulivu katikati ya joto, naangalia kwanza kama wameandika walivyoandaa sampuli.

Hata ukizamisha wote, kuhesabu kwenyewe kuna mipaka. Hesabu vitu 100, kosa lako ni kama asilimia 20 juu au chini. Hesabu 400, linashuka kuwa 10. Hiyo ni kwa vitu vinavyohesabika. Koloni la Microcystis lina seli ngapi? Mamia, maelfu, zimejificha nyuma ya wenzao kwenye ute. Tunakadiria, tunaandika namba yenye tarakimu nne, na msomaji anaamini tarakimu zote nne.

Swali linalonipa aibu kuliko yote huulizwa na wenye mamlaka ya maji: mwakani atakuja nani? Mwaka 1961 mwanaikolojia Hutchinson aliuliza inakuwaje aina nyingi hivi za fitoplanktoni zinaishi pamoja kwenye maji yanayoonekana sawa kila mahali, zikigombea vitu vile vile vichache, bila mmoja kuwashinda wote. Majibu yamejaa maktaba. Lakini lililoniondolea usingizi ni jaribio lililochapishwa mwaka 2008. Walichukua planktoni ya bahari ya Baltiki, wakaiweka maabara kwa zaidi ya miaka sita, mwanga ule ule, joto lile lile, virutubishi vile vile. Hakuna kilichobadilishwa. Aina zilipanda na kushuka kwa mamia ya mara, bila kutulia, bila kurudia mpangilio, na wachambuzi wakakuta kwamba utabiri wowote wa nani atakuwepo unapotea baada ya siku 15 hadi 30. Fikiria maana yake kwa kazi yangu. Naona Cryptomonas, vijiseli vyenye mikia, wameongezeka mwezi huu, natafuta kilichobadilika: mvua, upepo, joto. Na huenda hakuna kilichobadilika. Huenda ni wao kwa wao. Jumla ya msimu, makundi makubwa, dayatomu dhidi ya sianobakteria, hapo najiamini kiasi. Jina la aina na tarehe, hapana, na anayekuuzia utabiri huo mwulize ameupima dhidi ya nini.

Kwa hiyo ukipunguza fosforasi leo, na lazima uipunguze, usinitumie picha mwakani kunionyesha kwamba haikusaidia. Tope la chini limeweka akiba yake na litaendelea kuitoa. Maziwa 35 yaliyofuatiliwa baada ya kupunguziwa mzigo yalichukua kwa kawaida miaka 10 hadi 15 fosforasi yake kutulia kwenye kiwango kipya, na katikati ya miaka hiyo kuna misimu ilikuwa kijani kama zamani.

Ukiona lazima uniulize, niambie saa, upepo ulitoka wapi, na kina ulichochotea. Chota mbali na ukingo, na chota pia chini, pale ambapo sahani ya Secchi imeshapotea. Chupa mbili: moja ya Lugol mpaka iwe kahawia hafifu, nyingine bila dawa, kwenye kivuli na baridi, inifikie siku hiyo hiyo niwaone wakiwa hai, kwa sababu vijiseli vyenye mikia Lugol inavipotosha hadi mama yao hawatambui. Na chupa usiijaze mpaka kwenye kifuniko. Ikijaa haichanganyiki, nikimimina napata wa juu tu.